Ukifika Wasso, Wasikilize Vijana

Ukitaka kwenda Wasso, panda gari Arusha alfajiri, pita Mto wa Mbu, uuache Mlima Oldoinyo Lengai kandoni, kisha ukwee ukuta wa Bonde la Ufa. Vumbi utalila la kutosha. Lakini toka Sale mpaka Wasso utakuta lami, na mgongo wako utashukuru.

Ukifika, keti kivulini karibu na hospitali aliyoianzisha Padre Herbert Watschinger, mganga kutoka Austria. Hapo hukutana makabila mawili: Wamasai wafugaji, na Wasonjo, ambao wenyewe hujiita Watemi, wakulima wa mifereji kutoka Samunge na Digodigo. Lugha zao hazifanani hata kidogo. Vijana wao huelewana kwa Kiswahili cha shule.

Basi, wasikilize vijana hao wakizungumza siasa. Usingoje habari za vyama; siasa yao ni ardhi. Kijana wa Kimasai atakutajia mwaka 1959, babu zake walipohamishwa Serengeti, kana kwamba yeye mwenyewe alikuwapo akiswaga ng'ombe. Ya Juni 2022 hakusimuliwa, aliyaona. Mwezi ule serikali iliweka vigingi kutenga kilometa za mraba 1,500 za Loliondo, ikisema inalinda wanyama na vyanzo vya maji. Wafugaji walisema ni malisho yao. Pakatokea mapambano: askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakakimbilia Kenya. Mtoto aliyekuwa na miaka 14 siku zile anatimiza 18 mwaka 2026, umri wa kupiga kura. Unadhani amesahau?

Sasa mgeukie kijana wa Kisonjo. Naye ana mpaka wake moyoni, ila siyo ule wa vigingi. Atakuonyesha kwa kidole mahali mashamba yao yanapokutana na malisho ya Wamasai, ambapo wazee wa pande zote mbili wamegombana miaka mingi, hata kwa silaha. Kila upande una hadithi yake ya nani alitangulia kufika, na kila kijana anaijua ya kwao barabara.

Jaribu kuwauliza, kila mmoja peke yake: “Na mwenzako, je, yeye analalamikia nini?” Hapo ndipo maneno yanapopungua. Mmoja atacheka kidogo, mwingine atatazama viatu vyake.

Nao wote wawili ni wa jimbo moja, la Ngorongoro, na mbunge watakayemchagua ni mmoja.