Kwa Macho Ni Mnyama Mmoja

Niliahidiwa dola 12 kuandika kuhusu mnyama ambaye sijawahi kumwona, na mteja ambaye sijawahi kumwona pia. Maagizo yalikuwa mafupi: maneno elfu moja kuhusu slothi, yachekeshe, yafike kabla ya saa mbili asubuhi. Ilikuwa saa nne usiku. Stima ilikuwa imebaki yuniti mbili, na Mama alikuwa ametoka tu kunitumia elfu mbili kwa M-Pesa.

"Ni ya chakula huko shule," aliniambia kwa simu. "Na uniulizie hiyo gauni ya kumaliza ni pesa ngapi, nianze kupanga mapema."

Sikuwa shule. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda, na sasa ni miaka miwili naishi bedsita Githurai nikiandikia watu makala. Mama hakujua. Anauza maziwa Molo, na kila mwezi alituma hiyo elfu mbili, na kila mwezi niliila.

Nikafungua laptopu.

Slothi, kama hamjakutana, ni yule mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini anayening'inia kwenye matawi kichwa chini, anayeshuka mtini kwenda haja kama mara moja kwa wiki. Kwa Kireno anaitwa preguiça, yaani uvivu. Sio ati ni mvivu. Ni uvivu wenyewe. Hapo nikampenda. Kijana anayeshinda ndani ya nyumba na laptopu, majirani zangu wanamwita vivyo hivyo.

Nilikuwa natafuta vichekesho, nikaangukia kitu kingine.

Kuna slothi mwenye manyoya meusi marefu shingoni. Anapatikana Brazil pekee, kwenye Msitu wa Atlantiki, ule uliokatwa ukabaki vipande vipande. Mwaka 1811 alipewa jina la kisayansi, Bradypus torquatus. Mwaka 1850, Mwingereza John Edward Gray akatoa jina la wa pili, Bradypus crinitus. Baadaye jina hilo likawekwa kando, likahesabiwa kuwa jina lingine tu la yule yule. Si unaona mwenyewe? Manyoya ni yale yale, na mwendo ni ule ule.

Mwaka 2008 watafiti wakachapisha uchunguzi wa DNA. Slothi wa Bahia, kaskazini, na wale wa Espírito Santo, kusini, walikuwa wametengana sana kijeni. Mwaka 2022 watafiti wengine wakalinganisha DNA na mafuvu, wakarudisha jina la Gray. Torquatus ni wa Bahia na Sergipe. Crinitus ni wa Espírito Santo na Rio de Janeiro. Waliachana zaidi ya miaka milioni 4 iliyopita.

Inavyotokea ni hivi. Slothi hawezi kutembea mbali chini, kwa hivyo makundi mawili yakitenganishwa hayakutani tena. Kila kizazi, DNA inabadilika kidogo, na mabadiliko ya upande huu hayafiki upande ule. Huoni chochote kwa nje, ila miaka inahesabu. Halafu binadamu anakuja na panga na shamba la ng'ombe, anakata msitu, na hata wale waliokuwa pamoja wanabaki visiwa. Wakiwa wachache wanazaana ndugu kwa ndugu, tofauti za jeni zinapungua, na ugonjwa mmoja ukiingia, huenda kusiwe na hata mmoja aliyezaliwa na kinga yake.

Ndiyo maana hesabu ni muhimu. Ukiwahesabu kama spishi moja, unaona wapo, wana nafuu. Upande mmoja unaweza kuelekea kuisha na karatasi bado iseme mnyama yupo. Hata msaada unaweza kupotea njia: ukimwokoa wa kusini ukamwachilia kaskazini kwa roho safi kabisa, umemweka kwa watu wasio wake.

Hapo nikaacha kuandika. Stima ilikuwa yuniti moja.

Hesabu ya Mama ilikuwa sawa kwenye karatasi. Mtoto mmoja, chuo, mwaka wa nne. Alikuwa anamtumia pesa kijana aliyeisha miaka miwili iliyopita, na mimi nikawa nazipokea kwa niaba yake.

Nilituma makala saa kumi usiku. Saa kumi na moja na nusu, nikijua ameshaanza kukamua, nikampigia. Nilimwambia yote bila kupumzika, hata ile elfu mbili. Kukawa kimya. Nikasikia maziwa yakigonga ndoo, yakaacha, yakaendelea.

"Miaka miwili," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Na huko unafanya nini?"

"Naandika."

"Unaandika nini usiku wote?"

"Kuhusu mnyama fulani wa mbali. Watu wanamwita mvivu."

"Na ni mvivu?"

"La. Majani anayokula yana nguvu kidogo sana. Angekimbia angekufa."

Akanyamaza tena. "Jumamosi uje nyumbani," akasema. "Sijamaliza na wewe." Akakata.

Mteja alijibu saa tatu. Alisema makala haichekeshi, akanilipa dola 9. Nauli ya Molo ikatoka hapo.