Mwiko na Kalamu

Fundi, kufunda na kufundisha ni maneno ya ukoo mmoja. Lugha yetu, basi, haikumtenga mwenye mwiko na mwenye chaki. Tuliowatenga ni sisi. Mtoto akishindwa masomo huambiwa akajifunze uashi, kana kwamba ujenzi ni jaa la waliokosa akili. Mimi ni mwalimu wa lugha. Huwauliza wanafunzi wangu wa chuo maana ya timazi, pimamaji na mtambaapanya; wachache hujibu. Maneno hayo yangali hai vinywani mwa mafundi wa Kariakoo, hatua chache kutoka shule ambazo hazijapata kuwaalika.

Mtazame fundi awekapo msingi. Huvuta uzi, akapima futi 3 upande huu na futi 4 upande ule; umbali baina ya ncha mbili ukitimia futi 5, hujua kuwa kona yake ni mraba. Mwanafunzi ameikariri kanuni hiyo kwa jina la Pythagoras, lakini aghalabu hajaiona ikisimamisha nyumba. Mpe uzi na vigingi, ataifahamu kwa asubuhi moja. Kadhalika zege: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Maji yakizidi hulidhoofisha; lisipomwagiliwa siku zake za kwanza, hukauka upesi likapasuka.

Haya si mambo ya mzaha mjini Dar es Salaam. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya mji liliporomoka likaua watu zaidi ya 30. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo jingine la ghorofa likaanguka Kariakoo, juu ya wafanya biashara na wateja wao. Kila msiba una sababu zake, na wachunguzi wake. Lakini ni dhahiri kuwa uhai wetu ni amana mikononi mwa watu ambao kazi yao tumezoea kuidharau.

Mwalimu Nyerere alihimiza elimu ya vitendo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya 1994 ikaanzisha VETA, yenye chuo chake Chang'ombe. Na Januari 2024 mkondo wa amali ukaanza katika baadhi ya sekondari. Ni hatua njema. Wako wazazi wachao kwamba watoto wao watageuzwa vibarua, na hofu yao si ya bure, maana zamani shamba la shule mara nyingi liligeuka adhabu. Hata hivyo kubeba tofali ni kazi. Kujua kwa nini tofali hili halifai ni elimu.

Basi fundi stadi aitwe shuleni, alipwe, na aheshimiwe kama mwalimu. Na wafundwe wote, mwenye alama za juu na mwenye alama za chini. Kwani amali ikiachiwa walioshindwa peke yao, dharau itabaki palepale. Atakayekuwa hakimu, mhasibu au diwani naye ajue zege jema na baya, maana siku moja ataombwa kutia sahihi.