Mvumo Katika Kinanda cha Kwaya



Wapendwa, baadhi yenu mmeuliza kwa nini mchango wa kununua kinanda kipya umesimamishwa. Sababu ni kwamba kile cha zamani, cha miaka ya 1980, hakijafa.

Kilikuwa kikivuma hata pasipo mtu kukigusa. Fundi redio wa hapa Same alikitenga kwanza na vipaza sauti, akasikiliza kwa spika za masikioni. Mvumo ulikuwa bado umo. Basi ulizaliwa ndani ya kinanda chenyewe, kwenye sehemu inayopokea umeme.

Aliyekulia milimani Upare atalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Umeme wa ukutani, volti 230, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Transfoma huupunguza, dayodi huuelekeza upande mmoja, lakini bado huja kwa misukumo, 100 kila sekunde. Hapo kapasita hufanya kazi ya ndiva: kijito kidogo huijaza usiku kucha, na kulipokucha maji hutoka mfululizo kwenda mashambani. Ndiva ikijaa tope haina akiba tena. Kapasita nayo ina majimaji ndani yake ambayo hukauka kadiri miaka ipitavyo, na joto la tambarare yetu huyaharakisha; mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata maisha yake nusu.

Ikikauka, ile misukumo 100 hupenya hadi masikioni mwetu. Sasa, wimbo ukiwa katika G, doh ya chini ya besi ni mitetemo 98 hivi. Waimbaji wetu wa besi, waliolaumiwa miezi mingi kwamba wanapanda sauti, walikuwa wakivutwa na jirani aliye juu yao kidogo tu! Mzee mmoja aliacha hata kuja mazoezini. Nilimwendea nyumbani nikamweleza hesabu hiyo. Aliuliza tu mazoezi ya Alhamisi yanaanza saa ngapi.

Kapasita mbili zilitosha: za uwezo uleule, za volti zisizopungua zile za awali, zenye kuhimili nyuzi 105. Upande wa hasi haugeuzwi, maana zaweza kupasuka. Na vijana mnaopenda kufungua vyombo, nawasihi: kapasita huweza kushika umeme hata waya ukishachomolewa ukutani. Mwiteni fundi.