Mafuta ya Upako na Mafuta ya Injini



Leo sitahubiri sana. Nataka kutubu mbele yenu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele ya watu.

Wengi wenu mnaijua pikapu ya kanisa. Ndiyo inayobeba hema, viti, spika na jenereta. Ndiyo inayobeba masufuria ya akina mama tukienda matanga. Mwaka jana, wiki tatu kabla ya mkutano wa injili kule Marigat, ndugu anayeiendesha alinijia baada ya ibada. Akaniambia, "Pasta, kuna taa imewaka kwa dashibodi. Ni ya belti ya taimingi. Tumefikisha kilomita laki moja."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia mbele ya wazee kwamba gari la Bwana halisimamishwi na taa, na kwamba anahitaji kuongeza imani. Tukaweka mikono juu ya boneti, nikaipaka mafuta ya upako, watu wakasema Amina. Belti haikubadilishwa. Hata mafuta ya injini hatukubadilisha, na muda wake ulikuwa umepita.

Siku ya safari tulipita Mogotio tukiimba. Mbele kidogo, injini ikazima ghafla, kama stima ikipotea nyumbani. Hatukuona moshi wala kusikia kelele ya kutuonya. Tulivutwa kwa kamba na lori hadi Nakuru, na mkutano ukaanza bila spika.

Fundi alifungua akatuonyesha. Belti ya taimingi ni mshipi wa mpira wenye meno. Ndio unaohakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati wake, zisikutane na pistoni ikipanda. Mshipi ukikatika, valvu zinabaki wazi na pistoni inazigonga. Zetu zilikuwa zimepinda, na silinda hedi nayo ilitaka kazi. Belti peke yake ingekuwa kazi ya siku moja. Sasa ikawa ya wiki mbili, na bei ikapanda mara nyingi.

Pesa zilitoka wapi? Zilitoka kwa mfuko wa mabati tuliokuwa tumemchangia mama mmoja mjane. Tulimwomba asubiri kidogo, akakubali kwa upole. Mvua haikusubiri. Baadaye tulimnunulia mabati, lakini zile usiku alizolala akihamisha kitanda hatuwezi kumrudishia.

Wapendwa, shetani hakuhusika hapo. Mungu alikuwa amesema nami kupitia taa ndogo na kijana mnyenyekevu, nami nikaita kiburi changu imani. Kumbukeni Bwana wetu juu ya mnara wa hekalu, Mathayo 4. Aliambiwa ajirushe, malaika watamdaka. Alikataa, kwa sababu kumtegemea Baba na kumjaribu Baba ni mambo mawili tofauti.

Baada ya hapo nilifanya jambo ambalo sikuwahi kufanya tangu tununue pikapu. Nilisoma kitabu chake. Kinasema oili ya injini na filta yake ni kila kilomita 10,000 au kila miezi 6, lolote litakalotangulia. Filta ya dizeli ni kila 20,000, na maji yanayojikusanya chini yake yamwagwe mapema. Mafuta ya breki ni kila miaka 2, kwa sababu yanavuta unyevu wa hewa, na yakiwa na maji huchemka kwa mteremko mrefu, breki zikakosa nguvu. Belti ya taimingi ni 100,000, hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Lakini ukurasa uliofuata ndio ulionishika. Unasema hivi kwa maana yake: ikiwa gari linabeba mizigo mizito, linapita barabara za vumbi, au linafanya safari fupi fupi za kuwasha na kuzima, usifuate hesabu hiyo ya kawaida. Oili badilisha kila 5,000. Filta ya hewa ikaguliwe mara kwa mara. Hiyo ndiyo pikapu yetu kabisa! Kwa miaka mingi tumeihesabia kama gari la kwenda ofisini.

Na sisi watumishi je? Mimi nilikuwa nafikiri kwa vile nabeba mengi kwa ajili ya Mungu, naweza kukaa muda mrefu bila kutunzwa. Kitabu cha gari kinasema kinyume. Anayebeba zaidi anahitaji kusimama mapema zaidi. Mke wangu alikuwa ameniambia miaka mitatu nikapime presha. Nilikuwa nafungua Biblia nikitafuta mahubiri ya Jumapili, si kutafuta uso wa Bwana. Taa ilikuwa inawaka nyumbani mwangu pia.

Na wewe unayesema, "Mimi sijatumika sana mwaka huu, sina cha kuchoka," kumbuka lile neno "au kila miezi 6". Oili huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Wale wanawali wa Mathayo 25 walikuwa na taa wote kumi. Tofauti ilikuwa mafuta, na wenye busara waliyachukua mapema katika vyombo vyao.

Jumapili iliyofuata niliita wale wazee wale wale, nikamwomba yule ndugu msamaha mbele yao. Alilia, nami nikalia. Sasa ana daftari ndani ya gari: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, kinachofuata. Akisema gari halitoki, halitoki, hata kama Pasta amevaa suti tayari.

Presha nilipima. Ilikuwa juu. Natumia dawa, na ninaomba.

Wiki hii, mtu mmoja amekuonya juu ya jambo fulani: afya yako, ndoa yako, deni, gari. Usimpake mafuta ili anyamaze. Msikilize.

Baba, tusamehe pale tulipokuita shahidi wa uzembe wetu. Tupe imani inayoomba na mikono inayotunza ulichotupa. Katika jina la Yesu, Amina.

Mbarikiwe. Tuonane Jumatano kwa maombi. Pikapu itawachukua wazee stejini saa kumi na moja. Imefanyiwa sevisi.