Wingu Lenye Mkia

Mimi ni mvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria. Kazi yetu ni ya usiku, wakati wa giza. Tunawasha taa, dagaa wanakuja.

Lakini usiku ndio wakati wa radi ziwani. Nchi kavu hupoa upesi, maji hubaki na joto. Upepo hutoka nchi kavu pande zote, hukutana ziwani na kupanda juu. Hapo wingu la mvua huzaliwa. Mara nyingine wingu hilo hushusha mkia unaozunguka mpaka majini. Bibi yangu aliuita joka. Joka au si joka, mtumbwi hauwezi kushindana nao.

Kwa hiyo jioni nasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Juzi walionya juu ya upepo mkali na radi. Tajiri wa mtumbwi alikasirika, kwani mafuta alikwisha nunua. Nilimwambia, "Mzee, mafuta hayaozi." Wenzangu watatu walibaki nami mwaloni.

Mtumbwi wa jirani ulitoka. Ulirudi alfajiri bila taa, bila nyavu. Watu wote wanne walikuwa wazima, ahsante Mungu. Tajiri wetu hakusema neno. Sisi hatukupata hata senti siku ile. Tulikula ugali na mchicha.