Munyu na Chumvi Mpakani Busia

Asafiriye kutoka Tororo kwenda Busia huliacha nyuma jabali la Tororo, lionekanalo toka mbali, akaingia katika nchi ya mihogo, mtama na wimbi. Busia ni jina moja la miji miwili iliyogusana: mmoja wa Uganda, mwingine wa Kenya. Sokoni husikika Kisamia, Kiteso, Kijaluo, Kiganda na Kiswahili, na humo ndimo mgeni ajifunzapo kwamba hata chumvi ina habari yake.

Watu wa pwani wanalo neno munyu, nao hulitumia kwa maana ileile ya chumvi. Waganda husema omunnyo. Lakini kwa Waluhya wengi munyu hasa ni maji ya majivu. Mama huchoma maganda makavu ya maharage au ya ndizi, hutia majivu katika chungu chenye matundu chini, humimina maji juu yake, kisha hukinga matone. Maji hayo hulainisha mboga ngumu, kama vile kunde, na kuzipunguzia ukali. Chumvi nyeupe ya dukani huitwa chumbi, na Wajaluo husema vivyo hivyo; neno hilo ni ndugu wa chumvi.

Basi mke wa askari aliyehamishiwa huku kutoka Mombasa, akiombwa na jirani munyu kidogo naye akapeleka kijiko cha chumvi, asishangae akichekwa.

Chumvi ya dukani ilipata kuwa mali ya thamani hapa. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, chumvi, sukari na sabuni zilikuwa adimu Uganda, na magendo yakastawi mpakani. Siku hizi chumvi ya pwani ya Kenya hupita Busia na Malaba kwa malori, mchana kweupe. Katika kituo cha pamoja cha Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, maofisa wa nchi mbili hukagua mizigo mahali pamoja.

Tofauti ya maneno haya si mchezo wa lugha tu. Maji ya majivu hayana madini joto yatiwayo katika chumvi ya dukani kwa amri ya sheria, Kenya na Uganda. Upungufu wa madini hayo huleta rovu, na huweza kudhuru akili ya mtoto angali tumboni. Kwa hiyo munyu uendelee kulainisha mboga, lakini usichukue nafasi ya chumbi.

Chumvi na ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jua na mvuke, na itiwe chakula kikaribiapo kuiva. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Chakula kisiwe chapwa, wala chumvi isizidi, inatosha ikolee. Na mgeni wa Busia akiombwa munyu, aulize kwanza: munyu upi?