Barua kutoka Darsait: Uzito wa Pedali Si Nguvu ya Klachi

Mpwa wangu mpenzi,

  

Ujumbe wako nimeupata. Klachi ya Impreza WRX yako imeanza kuteleza tangu fundi alipoongeza presha ya tabo, na sasa unataka nikutafutie huku Maskati klachi ya mashindano, "ile ngumu kabisa". Kukununulia nitakununulia, inshaallah. Lakini hilo neno "ngumu" ndilo lililonikalisha kitako kukuandikia. Klachi ya gari lenye nguvu haina lazima ya kuutesa mguu. Anayekuambia kwamba ugumu wa pedali ndiyo dalili ya uimara anakuuzia maumivu ya goti.

Darsait ninapoishi ni mtaa uliobanwa na vilima vya mawe, baina ya Ruwi na Mina al Fahal. Ukitoka hapa, si mwendo mrefu kufika Wadi Kabir, kwenye gereji zilizopangana mlango kwa mlango, na mafundi wengi wametoka India na Pakistani. Huko ndiko nilikojifunza haya ninayokueleza. Nissan Patrol za zamani, zile Y61 zenye injini ya TB48 ya lita 4.8 na silinda sita, zina wapenzi wengi hapa Oman. Vijana huzifungia tabo, wakazipeleka kwenye mchanga wa Sharqiya, upande wa Bidiyah, kupanda vilima vya mchanga.

Alasiri moja nilikuta Patrol mbili za namna hiyo gerejini. Fundi akaniambia niingie katika ya kwanza nikanyage klachi. Ilinibidi niushike usukani kwa mikono miwili na kuukaza mgongo kwenye kiti ndipo pedali ikafika chini. Kuiachia ndiyo ilikuwa taabu zaidi, maana mguu ulitetemeka, na ukitetemeka huwezi kuhisi klachi inaanza kushika wapi. Nikaingia katika ya pili, ambayo injini yake ilikuwa na nguvu zaidi. Pedali ikashuka kwa kuisukuma na kifundo cha mguu tu. Fundi akanionyesha sababu kwenye meza yake: klachi ya kwanza ilikuwa ya pleti moja na presha pleti, ile inayoibana, yenye springi kali mno, na ya pili ilikuwa ya pleti mbili.

Hesabu yake si ngumu. Uwezo wa klachi kuishika injini unatokana na mambo manne: springi inabana kwa nguvu kiasi gani, pleti ina msuguano mkali kiasi gani, pleti ni pana kiasi gani, na nyuso zinazosuguana ni ngapi. Chukua mfano wa presha pleti inayobana kwa newtoni 6,000, msuguano wa 0.3, na umbali wa sentimita 10 kutoka katikati ya pleti hadi katikati ya sehemu inayosugua. Pleti moja ina nyuso mbili. Ukizidisha vyote unapata toki ya newtonmita 360. Tuseme injini imeongezwa nguvu na sasa unahitaji 540. Unaweza kuweka springi ya newtoni 9,000. Umepata 540 yako, lakini usipobadilisha kingine pedali nayo imeongezeka uzito kwa nusu nzima. Unaweza kuiacha springi ileile ukaweka pleti ya seramiki yenye msuguano wa 0.45, umepata 540 na pedali haikuongezeka uzito hata kidogo. Au unaweza kuweka pleti mbili za kawaida. Nyuso zimekuwa nne, na uwezo umepanda hadi 720 kwa springi ileile. Unaona, mpwa wangu? Katika njia hizo tatu, ni moja tu inayokulazimisha ukanyage kwa nguvu.

Kila njia ina gharama yake, nami sitaki nikufiche. Springi kali hailipwi na goti peke yake. Kila unapokanyaga, masta ya juu, masta ya chini na uma wa klachi vinabeba mzigo huo, na mwisho wake unaisukuma au kuivuta kranki ya injini, juu ya beringi nyembamba inayoizuia isicheze. Beringi hiyo ikilika, injini inashushwa. Seramiki nayo inashika kwa ghafla. Barabara ikiwa wazi huoni tatizo, lakini kwenye foleni gari litaruka na kutikisika kila unapolisogeza, na flaiwili italika upesi. Pleti mbili ni ghali, huwa na kelele ukiwa umekanyaga klachi, na si zote laini: nyingi zimetengenezwa kwa seramiki na katikati hazina springi za kupokea mshtuko, kwa hiyo pedali itakuwa nyepesi na gari bado litaruka. Uzito wa pedali ni jambo moja, ulaini wa kushika ni jambo jingine. Klachi inayostarehesha inakupa yote mawili.

Kwa gari kama lako, lililoongezwa presha kidogo na linalotumika kila siku, mimi ningeanza na pleti moja ya mduara kamili, ya nyuzi na resini kama ya kiwandani lakini ya daraja la juu, yenye springi katikati, pamoja na presha pleti iliyoongezwa nguvu kwa kiasi. Klachi za namna hiyo zinatengenezwa na Exedy wa Japani na Sachs wa Ujerumani. Chagua yenye uwezo unaozidi toki yako kwa kama robo hivi. Ukinunua klachi ya toki mara mbili ya uliyonayo, unalipa kwa mfuko, na pengine kwa mguu, nguvu ambayo injini yako haitaitoa kamwe.

Kingine, usiihukumu presha pleti kabla ya kukagua njia yote inayotoka kwenye pedali. Klachi nyingi huwa nzito kadiri pleti inavyolika, kwa sababu vidole vya springi vinabadilika mkao. Huenda uzito unaousikia leo ni uchakavu tu. Uma uliokauka grisi nao unaongeza uzito. Kisha kuna masta ya juu. Ukibadilisha ya inchi 3/4 ukaweka ya inchi 5/8, mguu utasukuma kwa nguvu pungufu kwa karibu theluthi moja, lakini pedali itahitaji kwenda mbali zaidi kwa asilimia 44 ili kufanya kazi ileile. Kama pedali yako haina nafasi hiyo, klachi haitaachia vizuri na gia zitakwaruza. Kwa hiyo fundi apime kwanza.

Na mafuta ya klachi msiyasahau. DOT 4 mapya huchemka si chini ya nyuzi joto 230, lakini yakishanyonya unyevu kipimo chake hushuka hadi 155. Huku pwani ya Oman tunalijua joto: Quriyat, mwezi Juni 2018, siku nzima joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6. Dar haifiki huko, ila unyevu wake unaujua mwenyewe. Mafuta yaliyochoka huifanya pedali iwe kama sifongo, ukikanyaga huna uhakika na unachokipata.

Najua Impreza imekuingia moyoni, na una haki. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na pwani nzima ikalipenda gari hilo. Huku nako tunaye Ahmad Al Harthy, Mwomani aliyeendesha BMW M4 pamoja na Valentino Rossi katika mbio za dunia za masafa marefu mwaka 2024. Lakini yaangalie magari hayo vizuri. Katika gari la Al Harthy gia zinabadilishwa kwa vidole nyuma ya usukani, na klachi inahitajika zaidi gari linapoondoka. McRae alikuwa na timu nzima ya mafundi nyuma yake. Wewe huko Dar utakanyaga klachi kutoka Magomeni hadi Mwenge, kusimama na kwenda, kusimama na kwenda, kisha sikukuu ulipandishe gari Mlima Kitonga nyuma ya malori ukielekea Iringa. Kwa kazi hiyo, klachi unayoweza kuiongoza taratibu ndiyo inayodumu, maana mguu uliochoka huishia kuning'inia kwenye nusu klachi, na nusu klachi ndiyo inayounguza pleti.

Hata hapa Maskati, wengi ninaowajua wenye klachi za kuvunja mguu wana gari jingine la otomatiki la kwendea kazini. Patrol inatoka Ijumaa. Sisi tulio ughaibuni tunatumwa vitu vingi na jamaa, na wakati mwingine tunatuma kinachong'aa dukani bila kuuliza kitatumikaje huko kwenu. Wewe gari unalo moja. Sitaki kukutumia kitu kitakachokufanya ulichukie.

Basi kabla sijatoa hata riali moja, nijibu haya. Giaboksi yako ni ya gia tano au sita? Za tano za WRX huchukua pleti ya milimita 230, na za sita za STI huchukua ya 240. Presha pleti yako ni ya kuvutwa au ya kusukumwa? Subaru za tabo zipo za aina zote mbili, na hazibadilishani. Nenda kwenye mashine ya kupimia nguvu, unitumie toki halisi, si ya kukisia. Nipe pia namba ya injini na ya fremu, maana gari lako ni la Japani, usukani kulia, na huku tunaendesha usukani kushoto. Masta na mabomba huenda yasilingane.

Siku ya kufunga, giaboksi ikishashuka, badilisha na rilizi beringi na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, kwa kuwa kazi kubwa ni ule ushushaji wenyewe. Flaiwili ipelekwe ikasawazishwe, ikiwa na nyufa ibadilishwe. Kisha kilomita 800 za mwanzo liendeshe mjini kwa upole, bila kurusha gari, ili pleti na flaiwili zizoeane.

Na sharti langu la mwisho: mama yako naye huliendesha gari hilo anapokwenda hospitali na sokoni. Klachi ambayo dada yangu hataweza kuikanyaga bila kuumia, sitainunua.



Mjomba wako,
Darsait, Maskati